Operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula: yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) analipa, lakini nitaishije baadaye hapa Lubumbashi?

Mama Dorcas, Katuba

Jambo yenu wote.

Nina miaka 36, naishi Katuba, nafundisha darasa la tatu. Urefu wangu ni mita 1.62 na uzito ni kilo 134. Huo uzito wenyewe niliupata kwa shida. Mizani ya kituo cha afya inaishia kilo 120. Mshale unagonga mwisho na kukaa hapo hapo. Mama mmoja tunayesali naye ana depo ya mahindi, ndiye aliyenipima, kwenye mizani ya chuma ya magunia. Kwanza aliwatuma vijana wa kupakua mizigo wakanywe chai, akafunga mlango. Hakusema neno. Aliandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kunitia mkononi.

Nina ugonjwa wa sukari tangu 2018, natumia metformini na glibenklamidi. Nina tansio, presha ya damu. Magoti yananiuma hata nikisimama tu kuandika ubaoni. Usiku kiungulia kinapanda hadi kooni, nalala nimeegemea mito. Mume wangu anasema nakoroma, halafu pumzi inakatika kabisa, ananitingisha ndipo navuta hewa tena. Mchana usingizi unanichukua nimekaa mbele ya watoto.

Naomba asiniambie mtu "punguza bukari" (ugali wetu). Nimepunguza kwa miaka. Napungua kidogo, kisha zinarudi zote na nyingine juu yake.

Yaya yangu anayefanya kazi Johannesburg amesema atanilipia. Amewasiliana na hospitali moja ya India, wametutumia bei kwa WhatsApp: slivu (ndiyo hiyo operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula), siku chache za kulazwa, hoteli, kila kitu ndani. Wanataka malipo ya kwanza kabla mwezi haujaisha.

Ninachotaka kujua ni maisha ya baada ya hapo. Nikirudi Katuba, nakula nini? Nani ananifuatilia? Kanisani kwetu kuna maombi ya kufunga siku tatu kavu, bila maji, nitayawezaje? Nina mtoto mmoja tu na bado natamani wa pili. Na hiyo slivu ndiyo inayonifaa, au kuna nyingine? Mama mkwe anasema mwili ni baraka na nitakufa huko ng'ambo. Aliyepitia, au anayehudumia wagonjwa wa hivi, anijibu. Aksanti.

Papa Junior

Pole mama. Lakini kukatwa tumbo ukiwa unatembea kwa miguu yako ni hatari ya bure. Siku hizi kuna sindano, Ozempic, watu wanapungua bila kisu. Shemeji yangu anaziuza, zinatoka Dubai. Ukitaka nikupe namba yake.

Yaya Nadège, Kampemba

Mama Dorcas, mdogo wangu, karibu. Mimi nilifanyiwa slivu Afrika Kusini mwaka 2019. Nilikuwa kilo 121, nikashuka hadi 80, leo niko 86. Nitakuambia ninavyoishi, maana hilo ndilo swali lako, na ndilo ambalo hospitali haikukuandikia kwenye WhatsApp.

Papa Junior, kwa heshima: sindano hizo ni dawa kweli na zimesaidia wengi. Kwenye utafiti mkubwa wa semaglutidi, dawa yenyewe iliyomo ndani ya Ozempic, watu walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Lakini ukiziacha uzito unarudi, na kabla hujaanza kuitumia lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na wote tunajua umeme wetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa nchi mbalimbali. Sindano ya kununuliwa kwa mtu tu, isiyo na karatasi ya daktari, iliyosafiri ndani ya begi kutoka Dubai, mimi nisingemchoma nayo ndugu yangu.

Sasa turudi kwako. Kilichonifanya nikuandikie usiku huu ni hicho kiungulia.

Slivu ni kukata na kutoa kabisa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Sehemu ya juu ya mfuko, ambayo inaondolewa, ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Ndiyo maana njaa yenyewe inapungua, siyo tu nafasi ya chakula. Watu wanaotuambia "funga mdomo" hawajui kwamba mwili uliozoea kilo 130 unazipigania: ukila kidogo, unaongeza njaa na kupunguza unachotumia. Lakini ule mrija una presha, na asidi hupanda kirahisi. Mtu aliyeingia na kiungulia kikali anaweza kutoka na kibaya zaidi, na wengine hurudi kufanyiwa operesheni ya pili kwa sababu hiyo.

Nyingine ni baipasi. Wanatenga kimfuko kidogo cha kama mililita 30 juu kabisa, kisha wanaunganisha utumbo moja kwa moja hapo, chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Aliyeianzisha ni Edward Mason, daktari wa Iowa, Marekani, mwaka 1966. Kwa hiyo siyo majaribio ya jana. Kiungulia kwa kawaida hutulia, na kwa sukari ina nguvu kuliko slivu. Ubaya wake: mwili unapokea vitamini kwa shida zaidi, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku maisha yote kwa sababu ya vidonda pale utumbo ulipounganishwa, na hata baada ya miaka utumbo unaweza kujipenyeza kwenye nafasi iliyobaki ndani, maumivu ya ghafla, na hapo unahitaji skana na daktari mpasuaji anayejua umefanyiwa nini.

Mimi siyo daktari. Lakini hospitali iliyokuchagulia slivu bila kujua kama una kiungulia imeuza kabla ya kupima. Fanya fibroskopi, kamera ndogo ya kuangalia ndani ya mfuko wa chakula, hapa hapa Lubumbashi kwanza. Waangalie mlango wa juu wa mfuko wa chakula, wakupime na Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ukiwa nayo utibiwe kabla. Jibu hilo litume India, na daktari atakayekukata mwenyewe, siyo mtu wa mauzo, aseme kwa nini slivu na siyo baipasi.

Na ujue unachokinunua. Kwa wastani slivu inaondoa kama robo ya uzito, baipasi karibu asilimia 30, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwako ni kubaki na kilo 100 hivi, au 94. Watakaokuonyesha picha za msichana wa kilo 60 usiwasikilize. Kilo 100 na usingizi mzuri na sukari iliyotulia ni maisha mengine kabisa.

Chakula. Wiki mbili hivi za mwanzo ni vya kunywa tu, kisha vilivyosagwa, kisha laini, na karibu wiki ya sita unaanza kurudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Daktari atakupa ratiba yake, ifuate hiyo. Protini ndiyo inatangulia, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Usikubali kuambiwa lazima ununue mikebe ya unga ya bei ya ng'ambo. Mimi nakula mayai, samaki tomson, maharage ya kuponda, na vinkubala, wale viwavi wa kuliwa. Vikiwa vikavu, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, na kwenye soko la Kenya hapa mjini vipo. Navilowesha, nachemsha, namwaga maji ya kwanza, kisha navisaga na nyanya. Miezi ya mwanzo ndiyo iliyonishikilia.

Bukari nakula. Natumia kisahani cha chai. Naanza samaki, halafu sombe (majani ya mihogo), mwisho kitonge cha bukari chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nakitafuna hadi kilainike kabisa, naweka mkono chini, nasubiri. Nikimeza haraka kinasimama katikati ya kifua. Mate yanajaa mdomoni, jasho linatoka kwenye paji la uso, na hakuna maji ya kukishushia, maana maji yanazidisha. Unasimama, unatembea uani, unangoja kishuke au kirudi. Ikikupata mara ya kwanza utaogopa, kwa hiyo ujue kabla. Kunywa ni mbali na kula: unasubiri kama nusu saa baada ya chakula, kisha unanywa kwa mafunda madogo siku nzima. Septemba na Oktoba, joto la hapa likipanda, chupa isitoke mkononi, hata darasani. Soda na munkoyo uliotiwa sukari usiviguse. Pombe nayo inapanda haraka sana kichwani kuliko zamani.

Kwa mama mkwe wangu tunakula kwenye sahani moja, na anayetoa mkono mapema anaonekana amedharau mpishi. Mume wangu ndiye aliyeongea na mama yake kabla sijarudi. Yeye, siyo mimi. Mwambie na wako afanye hivyo. Kwenye kilio, kwenye harusi, napokea sahani, nakula samaki, nampa mtoto aliye karibu yaliyobaki.

Watu watasema. Mimi walisema nina UKIMWI. Wengine walisema mume wangu amefilisika, mke anakonda kwa njaa. Amua mapema nani ataambiwa ukweli. Nilimwambia mkuu wangu wa kazi na dada zangu, basi. Nywele zitaanguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hasa mbele. Zinarudi ukila protini na kumeza madini ya chuma. Punguza kusuka kwa kuvuta kipindi hicho. Ngozi ya tumbo na mikono inabaki imelegea, na hiyo haiondoki kwa mazoezi.

Kufunga kavu siku tatu, hapana. Hata siku moja bila maji, mwaka ule wa kwanza, hapana. Nilimwendea mchungaji nikiwa na karatasi ya daktari, nikamweleza. Alinielewa. Siku za maombi nakuwepo, nasali na wenzangu, na chupa yangu iko pembeni.

Sasa pesa, na hapa nisikilize vizuri. Operesheni ni saa mbili au tatu. Vitamini ni maisha yote: multivitamini yenye chuma, kalsiamu, vitamini D, B12. Kalsiamu na chuma havimezwi pamoja, tenganisha kwa saa mbili, na chai usinywe karibu na kidonge cha chuma. B12 mimi nachomwa sindano ya mwezi, ni rahisi kupatikana kuliko vidonge vizuri. Damu inapimwa mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka: hemoglobini, feritini, B12, kalsiamu, vitamini D, figo, sukari. Mwambie yaya yako agawe pesa aliyotenga. Kabla ya tiketi, kiasi cha kutosha vitamini na vipimo vya miaka miwili kiwekwe pembeni na kisiguswe. Pesa ikitosha operesheni peke yake, subirini kwanza. Na muulize kwa maandishi: tatizo likitokea kule, siku za ziada hospitalini nani analipa? "Kila kitu ndani" mara nyingi haina hilo ndani.

Muuguzi wa Kamalondo

Yaya Nadège ameeleza vizuri. Naongeza ya upande wetu wa hospitali.

Mama Dorcas, ukigawa uzito wako kwa urefu mara urefu, unapata 51. Kanuni ya zamani, ya 1991, ilisema operesheni kuanzia 40, au 35 ukiwa na magonjwa kama sukari na tansio. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hii vikaishusha kuwa 35 hata bila ugonjwa mwingine. Kwa hiyo hukimbilii kisu kwa urembo. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu hivi walifanyiwa operesheni na nusu hawakufanyiwa. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha waliofanyiwa walikufa wachache zaidi. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba kwenye hospitali zenye uzoefu, anayekufa kwa operesheni hii ni kama mmoja kati ya 1,000. Hatari ipo, lakini kubaki na sukari, tansio na pumzi inayokatika nayo ni hatari, tena ya kila usiku.

Hiyo pumzi waambie waziwazi kabla ya ganzi. Daktari wa usingizi asipojua, ndipo mtu anapopotea baada ya operesheni iliyokwenda vizuri.

Tansio yako waliipima kwa mkanda wa mkono wa ukubwa gani? Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Omba mkanda mkubwa, kama kituo chako hakina, njoo Kamalondo au nenda hospitali kubwa. Nimeona mama akiongezewa dawa kwa sababu ya mkanda tu.

Jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote: hapa kwetu homa yoyote inaitwa malaria. Wewe, wiki nne za mwanzo, ukiwa na homa, moyo unakwenda mbio kupita mapigo 120, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, pumzi fupi, hiyo inaweza kuwa mshono umevuja. Siyo ya kungojea vidonge vya malaria vikufanyie kazi siku tatu. Malaria utapimwa, sawa, lakini mpasuaji akuone siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo usikubali kurushwa nyumbani haraka haraka. Kaa karibu na hospitali hadi daktari aseme umepona. Pia safari ni ndefu, damu inaweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni: soksi za kubana, kutembea ndani ya ndege, na uulize kama utaendelea na sindano za kuzuia damu kuganda.

Mtoto wa pili inawezekana, tena uzito ukishuka hedhi mara nyingi hurudi vizuri na mimba hushika kirahisi. Ndiyo maana uzazi wa mpango uwe tayari kabla hujaondoka. Usishike mimba miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Ukifanyiwa baipasi usitegemee vidonge, havipokelewi vizuri; weka kijiti cha mkononi au kitanzi.

Papa Héritier, Ruashi

Mimi nasemea mke wangu. Alifanyiwa nje, akarudi vizuri, kila mtu anafurahi. Mwezi wa pili akaanza kutapika. Kila tonge linarudi. Tukasema ni mfuko mdogo, atazoea. Wiki zikapita hivyo. Akaanza kusema anaona watu wawili wawili, miguu inalegea, anashika ukuta akienda chooni. Halafu akawa anauliza jambo moja mara kumi.

Tulimpeleka. Wakamtundikia serumu ya glukosi, akazidi kuchanganyikiwa. Daktari mwingine aliyekuja zamu ya usiku aliuliza kama aliwahi kufanyiwa operesheni ya tumbo, akaamuru vitamini B1 ya sindano hapo hapo. Macho yakarudi. Akili ikarudi kwa sehemu kubwa. Miguu haijarudi yote, anatembea na fimbo.

Mtu akitapika hivyo, B1 inaisha mwilini ndani ya wiki chache, na glukosi ikiingia bila B1 inamalizia kidogo kilichobaki. B1 kwanza, au pamoja, ndipo glukosi. Hivyo ndivyo yule daktari alivyonieleza. Mama, andika kwenye karatasi: "Nimefanyiwa operesheni ya mfuko wa chakula. Nikitapika, nipeni B1 kabla ya glukosi." Bandika ndani ya jalada la kadi yako ya hospitali. Mume wako awe na nakala, mwalimu mwenzako pia awe nayo. Siku hiyo hutaweza kujisemea.

Papa Junior

Nimesoma yote. Mama Dorcas, namba ya shemeji achana nayo. Mungu akusaidie.

Mama Dorcas, Katuba

Mungu awabariki wote. Papa Héritier, mpe mama pole zetu. Hiyo karatasi nimeiandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mume wangu ameshapiga picha kwa simu.

Niliongea na yaya yangu jana. Tumeandikia India kwamba hatutumi malipo ya kwanza hadi daktari mwenyewe aongee nasi, na tukamweleza kiungulia. Mtu wa mauzo alijibu kwamba bei hii ni ya mwezi huu tu. Yaya yangu akamjibu basi ipite. Baadaye ndipo wakatupa saa ya kuongea na daktari, wiki ijayo, na yeye mwenyewe ameomba fibroskopi. Nimepata siku ya kuifanya hapa mjini. Yaya pia ameanza kuulizia Johannesburg, maana kule angeweza kunisindikiza kwenye vipimo na siyo mbali kurudi tatizo likitokea.

Mama mkwe hajakubali, lakini ameacha kulia. Aliuliza kama nitaweza bado kula sombe yake. Nilimwambia ndiyo, na ya kusagwa ndiyo nitaanza nayo.

Swali langu la mwisho ni dawa zangu. Glibenklamidi, metformini, na ya tansio ambayo ina ile ya kukojoza. Nikirudi naendelea nazo kama zamani?

Yaya Nadège, Kampemba

Johannesburg fikirieni sana. Mimi niliporudi kwa kipimo cha mwaka nilimkuta daktari yule yule aliyenikata, na hilo lina thamani yake hata bei ikiwa juu kidogo. Wakati wa kuongea na daktari, muulize amefanya baipasi ngapi kwa mwaka uliopita, na ripoti ya operesheni aiandike kwa Kifaransa, aina ya operesheni, tarehe, kilichokatwa. Ya dawa namwachia muuguzi.

Muuguzi wa Kamalondo

Hapana mama, usiendelee nazo kama zamani.

Sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache baada ya operesheni, kabla kilo hazijaanza kuondoka, hasa kwa baipasi. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala kitu. Ukiimeza huku unakunywa supu vijiko vichache tu, sukari inaweza kuanguka hadi uzimie. Kwa kawaida inasimamishwa. Metformini mara nyingi inaendelea, ila ya vidonge vya kawaida, siyo vile vya kuyeyuka polepole, na mwanzoni kinapondwa. Hiyo ya kukojoza nayo kwa kawaida inasimamishwa, kwa sababu wiki za mwanzo unakunywa kidogo na mwili unakauka. Dawa nyingine ya tansio wanaipunguza kulingana na vipimo. Usijipangie mwenyewe wala usikubali mimi nikupangie hapa: kabla hujatoka hospitali, daktari akuandikie dawa moja moja, ipi imesimama, ipi inaendelea, kwa kipimo gani. Usitoke bila karatasi hiyo.

Nunua kipimo cha sukari cha nyumbani na vijiti vya kutosha sasa, kabla ya safari. Pima asubuhi na kabla ya kulala, na wakati wowote ukitetemeka au kutoka jasho baridi. Ikisoma chini ya 70 (mg/dL), maji ya sukari kwa mafunda madogo, pima tena baada ya robo saa, kisha piga simu. Tarehe ya fibroskopi ikipita, lete majibu kituoni pamoja na dawa zote unazomeza, hata za kienyeji, kwenye mfuko mmoja. Niko zamu ya asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na mkanda mkubwa wa tansio tunao.